Ngoma ya Java Imefika Kiganjani

Juzi baada ya sala ya isha nilikuwa nimekaa barazani na kikombe changu cha kahawa, mara nikasikia sauti nyembamba ya msichana akiimba kaswida kwa Kiarabu. Sauti ilikuwa tulivu, na nyuma yake palikuwa na kinanda na ngoma ndogo. Niligeuka nikamwona mtoto wa ndugu yangu ameegemea nguzo, simu yake kiganjani.

"Huyo ni wa Misri au wa Shamu?" nikamuuliza.

"Ami, huyo si Mwarabu," akanijibu huku akicheka. "Huyo ni wa Indonesia. Kikundi chao wenyewe wanakiita cha gambus."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Gambus! Nani katika sisi watu wa pwani asiyelijua gambusi? Ndilo lile la Yemen, ndilo gabusi la Wangazija, ndilo ndugu wa kile kibangala cha Lamu ambacho marehemu Zein l'Abdin alikifufua kikasikika tena. Basi nikajiuliza: neno letu limefikaje kwa watu wa Java, na watu wa Java wamefikaje barazani kwangu bila ya kupanda chombo?

Msomaji mpenzi, majibu ya maswali hayo mawili ndiyo makala yangu ya leo.

JIRANI WA MBALI

Tuanze na la kwanza. Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, na hakuna nchi duniani yenye Waislamu wengi kuishinda. Ramani huionyesha mbali nasi kabisa, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi. Lakini bahari haikupata kuwa ukuta kwa wazee wetu, ilikuwa njia. Katika miji ya Hadhramaut, kama Tarim na Seiyun, baba mmoja aliweza kuwa na mtoto mmoja aliyehamia Lamu au Mombasa, na mwingine aliyehamia Surabaya au Solo. Walikwenda na biashara zao, vitabu vyao na nyimbo zao.

Ushahidi hauko mbali. Ile Maulidi ya Habshi isomwayo Riyadha, Lamu, aliyoitunga Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, ndiyo hiyo hiyo isomwayo mjini Solo, kisiwani Java, kwa matari ambayo wao huyaita rebana. Huko Solo yuko Habib Syech bin Abdul Qadir Assegaf, ambaye akisimama kumsalia Mtume viwanja hujaa maelfu kwa maelfu ya vijana, na walioko mbali humfuata kwa video. Tangu miaka ya 1930 Syech Albar wa Surabaya alikuwa akiimba na kupiga udi katika santuri. Na mwanawe, Ahmad Albar, akaja kuwa mwimbaji mkubwa wa muziki wa roki nchini humo.

Kisha kulikuja sinema za Bombay. Hapa kwetu kila mtu anajua jinsi marehemu Juma Bhalo alivyozichukua tuni za Kihindi akazivika mashairi ya Kimvita, watu wakalia arusini. Huko kwao, katika miaka ya 1950, mwimbaji Ellya Khadam alitamba na wimbo juu ya mwanasesere wa kutoka India, na tabla za Kihindi zikaingia katika bendi walizoziita orkes Melayu. Basi sisi na wao tulikunywa visima viwili vya namna moja, cha Uarabuni na cha Uhindini, kila mmoja kwa kata yake.

NGOMA ILIYODHARAULIWA

Katika mchanganyiko huo ndimo ilimozaliwa ngoma iitwayo dangdut. Jina lenyewe lilikuwa ni kejeli. Watu wa mjini waliosoma, waliopenda muziki wa Kizungu, waliisikia ngoma ya Kimelayu ikilia "dang" kisha "dut", wakaicheka kwa jina hilo: ati hiyo ni ngoma ya madereva wa baiskeli za abiria na wachuuzi. Wenyewe hawakukasirika. Walilichukua tusi wakalifanya jina.

Aliyeitoa uchochoroni ni Rhoma Irama, aliyezaliwa mwaka 1946 huko Tasikmalaya, Java ya Magharibi. Ujanani alipiga muziki wa roki kama wenzake wote. Baadaye alirudi kwenye ngoma ya Kimelayu, akaongeza gitaa la umeme lenye kishindo cha Kiingereza, na mwaka 1973 akatangaza kwamba bendi yake ya Soneta itakuwa sauti ya Waislamu. Akaimba dhidi ya ulevi, kamari na kukesha usiku bila ya faida. Akaimba juu ya tajiri azidiye kutajirika na maskini azidiye kudidimia. Kanda za kaseti zilikuwa zimeanza kuwa rahisi, na nyimbo zake zikaenea katika kila kijiji.

Serikali ya Suharto haikufurahi. Rhoma alipokiunga mkono chama cha Waislamu katika uchaguzi wa mwaka 1977, televisheni ya serikali, TVRI, ilimfungia mlango kwa takriban miaka kumi. Na TVRI ndiyo iliyokuwa televisheni peke yake nchini tangu ilipoanza mwaka 1962 mpaka kilipokuja kituo cha kwanza cha watu binafsi, RCTI, mwaka 1989. Kufungiwa huko kulikuwa kama kufungiwa nchi nzima. Lakini wapi! Watu walimsikiliza katika kanda, wakamtazama katika sinema alizocheza mwenyewe, na jina lake likazidi kukua. Hapo pana somo la kwanza: bawabu anaweza kuufunga mlango, lakini hawezi kuufunga wimbo ulioko vinywani mwa watu.

WANAWAKE TISA WA SEMARANG

Kisa cha pili nakipenda zaidi, labda kwa sababu nami nililelewa chuoni. Mwaka 1975, katika mji wa Semarang, wanawake tisa waliokuwa wakijifunza kusoma Kurani kwa sauti waliunda kikundi cha kaswida kiitwacho Nasida Ria. Mwanzo walikuwa na matari tu, na waliimba kwa Kiarabu. Mwanachuoni mmoja, Kyai Ahmad Buchori Masruri, akawapa nasaha: nyimbo za Kiarabu ni nzuri, lakini wasikilizaji wengi hawajui Kiarabu, na mawaidha yasiyofahamika hayamfiki mtu moyoni. Basi waimbe kwa lugha ya watu wao. Mwenyewe akawatungia mashairi.

Wakaimba kwa Kiindonesia, juu ya amani, malezi ya watoto na hatari za vita. Wakavaa hijabu zao, wakapiga fidla, gitaa na kinanda cha umeme, na kwa miaka mingi wakawa watu wa maharusi na sherehe za Maulidi. Mwaka 2022, kikundi hicho kilialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa yaitwayo documenta. Hawakubadili nguo, wala hawakubadili lugha ili wapokewe. Vijana wa Java waliokuwa wakiwaona kuwa ni muziki wa mama zao wakaanza kuwatazama tena mtandaoni kwa macho mapya.

Naomba msomaji aishike nasaha ya yule kyai, kwani tutarudi kwake.

DISKI ZA SOKONI

Mei 1998 Suharto alianguka, na vizuizi vingi vikaanguka naye. Wakati huo huo zilikuja diski za video za bei nafuu. Katika miji midogo ya Java ya Mashariki kulikuwa na bendi za dangdut zilizopigia maharusi na sherehe za kutahiri, kwa mdundo wa haraka uitwao koplo. Mtu alikuja na kamera, akaipiga picha arusi, akatoa nakala, akaziuza sokoni. Hakumwomba mtu ruhusa, wala mwimbaji hakupata senti. Lakini bendi ya kijijini ikajulikana mikoa mitano.

Kwa njia hiyo aliibuka Inul Daratista, msichana wa Pasuruan, aliyekuwa akicheza kwa kuzungusha kiuno kwa namna iliyofananishwa na keekee ya seremala. Mwaka 2003 nchi nzima iligawanyika juu yake. Rhoma Irama alimkemea hadharani kwamba ameivunjia heshima ngoma ya dangdut. Wanachuoni wengi wakawa upande huo. Wengine wakasema kwamba binti wa maskini hushambuliwa ilhali matajiri wa mjini hufanya makubwa zaidi na hawaguswi. Inul alilia mbele ya watu, kisha akaendelea, na televisheni zikamgombania.

Mimi sisemi kwamba kila kinachopendwa ni chema. La hasha. Mafunzo niliyopewa yananiambia kwamba haya ni sehemu ya imani. Lakini namwonea haya pia yule aliyefaidi picha ya msichana huyo na kuijaza mfuko wake, kisha akajiunga na wenye kumlaani. Na jambo hilo mtandao ulipokuja haukuliondoa. Umelizidisha mara elfu.

KIOO CHA MKONONI

Mnamo mwaka 2010 wasichana wawili wanafunzi wa Bandung walijipiga picha chumbani wakifuatisha kwa midomo wimbo mmoja wa dangdut, wakaiweka YouTube kwa mchezo. Kufumba na kufumbua wakajulikana nchi nzima. Mwaka uliofuata askari polisi mmoja wa Gorontalo, akiwa katika sare zake, alifuatisha wimbo wa Kihindi wa "Chaiyya Chaiyya" ili kumfurahisha mwenzake. Akaitwa Jakarta, akazungushwa katika vituo vya televisheni, akapigiwa makofi. Na kabla ya mwaka kwisha hakuwa tena askari. Umaarufu ulimchukua kwa siku chache ukamshusha njiani. Hao walikuwa watangulizi.

Baada yao vikaja vilivyo na mizizi. Kile kikundi cha gambusi alichokuwa akikisikiliza mtoto wa ndugu yangu, Sabyan, kilianza kwa kupiga katika maharusi. Kati ya mwaka 2017 na 2018 kaswida zake zilitazamwa mamia ya mamilioni ya mara, hasa wakati wa Ramadhani. Mwaka 2017 pia, Via Vallen, mwimbaji wa koplo wa Sidoarjo, alitamba kwa wimbo aliouchanganya na Kijava. Na mwaka 2018 ndiye aliyeimba wimbo wa Michezo ya Asia iliyofanyika Jakarta na Palembang. Ngoma iliyochekwa kuwa ya wachuuzi ikasimama mbele ya bara zima.

Lakini anayenigusa zaidi ni Didi Kempot. Huyu alizaliwa mwaka 1966, akaanza kwa kuimba barabarani akitupiwa senti na wapita njia. Maisha yake yote aliimba kwa Kijava nyimbo za walioachwa: aliyengoja kituo cha garimoshi, aliyengoja bandarini, na mpenzi asije. Vijana wa mjini walimwona wa zamani. Mara, mwaka 2019, video za vijana wakimwimba huku wakibubujikwa na machozi zikaenea, wakampa jina la baba wa waliovunjika mioyo. Hakuwa ametunga mapya ili awapendeze. Wao ndio waliorudi kwake. Aprili 2020, wakati wa korona, aliimba akiwa nyumbani, watu wakachanga mabilioni ya rupia kwa ajili ya wenye dhiki. Mwezi uliofuata, katika Ramadhani, akafariki dunia.

Na wapo wadogo pia. Tarehe 17 Agosti 2022, sikukuu ya uhuru, mvulana wa miaka 12 kutoka Banyuwangi aliyejulikana kwa video aliimba kwa Kijava katika ikulu ya Jakarta, mawaziri wakainuka kucheza. Mwaka 2025 dunia nzima ilimtazama mtoto wa Riau akicheza kwa utulivu kwenye omo la mtumbwi mrefu wa mashindano, wapiga makasia kadhaa wakivuta nyuma yake. Mashindano hayo, yaitwayo Pacu Jalur, ni ya kale kwao kama yetu ya majahazi ya Lamu. Wachezaji wa mpira wa Ulaya wakamwiga yule mtoto, lakini aliyekuwa akifanya lake ni yeye.

Hata sinema, ambayo katika miaka ya 1990 ilikaribia kufa, imepata njia hiyo hiyo. Mwaka 2019 mtu mmoja aliandika mtandaoni, kipande kwa kipande, hadithi ya kutisha juu ya wanafunzi waliokwenda kijiji chenye mizimu ya wachezaji ngoma. Mwaka 2022 hadithi hiyo ikawa filamu, na watu zaidi ya milioni 9 wakalipa viingilio kuitazama.

KUTUNZA KWA NJIA MPYA

Msomaji atauliza: hao wanakula nini? Zamani bendi ililipwa na mwenye arusi, na wageni wakapanda jukwaani kumtunza mwimbaji kwa noti, kama tufanyavyo katika taarabu. Wao huita saweran. Leo bendi nyingi za Java zina mafundi wao wa kamera na sauti, ambao huenda nazo arusini kama mpiga ngoma. Wimbo ukipigwa leo usiku, kesho uko mtandaoni, na matangazo ya biashara yakipita juu yake mwenye ukurasa hugawiwa sehemu yake. Hata kutunza kwenyewe kumehamia humo: mtu aliye mbali, mfano kibarua aliyeko Hong Kong au Taiwan, humtumia mwimbaji fedha kwa simu na kutajwa jina.

Ila mtunzi mara nyingi husahauliwa. Wimbo mmoja huimbwa na bendi ishirini, kila moja ikahesabu watazamaji wake, na aliyekaa usiku kucha akitafuta vina hatajwi. Ugomvi wa haki za watunzi umefika mahakamani huko Indonesia, na ni haki ufike. Mimi ni mtu wa mashairi; jeraha hilo silihitaji kuelezwa mara mbili.

MLANGO USIO NA BAWABU

Kuna jingine zito zaidi. TVRI ilikuwa na bawabu aliyemzuia hata msema kweli. Mtandao hauna bawabu, na kwa hivyo humpitisha kila mtu: msoma Kurani, muigizaji, mcheshi, tapeli na mwenye kuuza mwili wake. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vyote viwili vinajitembeza, na kibaya kina miguu ya haraka.

Waindonesia wamejaribu sheria. Mwaka 2008 bunge lao lilipitisha sheria ya kupiga vita picha chafu, baada ya mabishano makali. Julai 2018 serikali iliifunga TikTok kwa siku chache kwa sababu ya mambo yasiyofaa watoto, ikaifungua wenyewe walipoahidi kuyachuja. Sheria zina mahali pake. Lakini hakuna serikali iwezayo kukaa kando ya mto huo usiku na mchana ikichota taka kwa kikombe.

Nionavyo mimi, kilichowasaidia zaidi ni kwamba mto ulipofurika, watu wao walikuwa na vitu vyao vya kutia ndani yake. Mtoto wa Java anapofungua simu hukuta uchafu, ndiyo. Lakini hukuta pia kaswida ya lugha yake, kisa cha kijiji chake, na machozi ya Didi Kempot. Ana la kuchagua. Asiye na kitu chake mtandaoni hana la kuchagua. Hula kila apakuliwacho na wengine. Hapo ndipo ninapokumbuka ile nasaha ya kyai wa Semarang: sema na watu wako kwa lugha yao, kwa ngoma wanayoijua, ukiwatilia ndani yake lililo jema. Aliwanasihi hivyo kabla ya simu hizi, na simu zilipokuja kazi ilikuwa tayari.

NA SISI JE?

Usiku ule nilimwambia kijana wangu, "Hebu nitafutie humo taarabu za zamani za Mombasa." Alizipata, siwezi kusema hakuzipata, wapenzi wachache wametia walizokuwa nazo, Mungu awalipe. Lakini sauti zilikwaruza, majina ya watunzi hayakuandikwa, na mashairi mengine yalibandikwa jina la mtu asiye mwenyewe. Juma Bhalo alituondokea mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016. Kanda zao zimo katika makabati ya wengi wetu, zikiliwa na chumvi ya pwani mwaka baada ya mwaka.

Waindonesia hawatuzidi kwa udi wala kwa matari, maana asili ya vyote viwili tunashirikiana. Hawatuzidi kwa ufasaha. Wametuzidi kwa jambo moja: hawakuona aibu kukipeleka mbele ya dunia kile walichorithi, hata kilipochekwa. Basi mwenye kanda na aitoe kabatini. Mwenye kujua jina la mtunzi na aliandike. Na kijana mwenye simu asingoje kuambiwa mara ya pili. Akae na babu yake jioni moja, amwombe aimbe, naye arekodi.

Nami naagana na msomaji kwa beti hii moja:

Mwenye mali asojali, mwishowe huililia,
Huvuka bahari kali, nyumbani imebakia,
Tari, udi na kauli, wazee walotwachia,
Simu ni chombo cha mbali, hubeba tulichotia.